Mayai ya Chini ya Kisima

Ninyi vijana, kabla hamjasoma haya, nendeni kwanza mkanywe maji. Mkishakunywa, kaeni mjiulize yametoka wapi. Kama jibu lenu ni "bombani" au "dukani", basi ninyi ndio hasa niliowaandikia. Mimi darasani sikukaa sana, nilitolewa mapema nikachunge ndama, kwa hiyo msinitafutie maneno ya mapambo. Nitasema kama ninavyosema jikoni kwangu.

Jana asubuhi mjukuu wangu wa kike aliniletea chai. Nikaonja, nikaitema.

"Wewe," nikamwambia, "macho yote hayo, umeshindwa kutofautisha chumvi na sukari?"

Akasimama pale na sinia lake. "Bibi, sukari sijatia kabisa. Nimekuletea uweke mwenyewe, maana juzi ulisema naimwaga kama mali ya wizi."

Nikainuka nikaenda kwenye mtungi, nikachota kwa kata, nikayaweka maji mdomoni nikayazungusha polepole, ulimi ukiyasikiliza. Haikuwa chumvi ya kumwaga. Ilikuwa ile ladha ya jasho linalokuteremkia mdomoni ukiwa unapalilia pamba mchana. Ladha hiyo niliwahi kuionja zamani, utotoni, na sikuisahau. Mtoto sikumpa pole, lakini ile chai niliinywa yote nikammalizia. Na nilipokuwa nakunywa sikuwa tena hapa Bariadi. Nilikuwa kwa bibi yangu.

Bibi huyo alikuwa mama wa mama yangu, na ndiye aliyenilea, kule upande wa Migato. Mto wetu wa kule ulikuwa mto wa msimu. Mvua zikinyesha unanguruma mpaka ng'ombe wanakataa kuvuka. Kiangazi kikiingia unabaki mchanga mtupu, mweupe, unaunguza nyayo. Mgeni akifika kiangazi alikuwa anatuuliza mto uko wapi, naye amesimama katikati yake. Sisi watoto tulikuwa tunacheka mpaka tunakaa chini. Maji yalikuwepo, ila yalikuwa yamejifunika mchanga kama mtu aliyejifunika shuka asisumbuliwe.

Ukifukua mchanga kwa mikono, kwanza unapata mchanga mkavu, halafu wenye unyevu, halafu unaoshikamana, halafu shimo linaanza kutoa machozi. Hayo ndiyo tuliyokunywa. Yalikuwa matamu, enyi watoto. Nimekunywa maji ya chupa za mjini na nimekunywa soda kwenye harusi, sijapata kitu cha kuyafikia. Ukiyanywa baada ya kula matobolwa na karanga, vile viazi vitamu tulivyovichemsha kisha kuvikausha, unasikia tumbo lote linakushukuru.

Kisima cha watu kilikuwa upande wa juu wa mto, kimezungushiwa miiba ya mgunga. Kisima cha ng'ombe kilikuwa chini yake, mbali, na hori la udongo pembeni. Ndala zilibaki nje ya miiba. Chombo cha nyumbani hakikuzamishwa kisimani hata kama ni kipya kutoka dukani; ilikuwepo kata moja tu ya kisimani, ya kibuyu, na kazi ya mtu ni kuchota kwa hiyo akijaza ndoo yake. Sabuni haikufika mtoni. Wanaume waliotoka kupulizia pamba dawa walikuwa wanataka kuosha mabomba yao pale chini kwa ng'ombe. Bibi alisimama njiani na fimbo yake ya mtama akawarudisha shambani wakaoshee huko huko. Mmoja akamwambia, "Mayu," yaani mama, "maji yanateremka, hayapandi, dawa itakwenda zake chini." Bibi akamuuliza, "Na huko chini kunakaa mbwa?" Yule akageuka na bomba lake mgongoni.

Hapo ndipo nilipoanza kumpenda bibi yangu kwa namna ya kumuogopa, au kumuogopa kwa namna ya kumpenda. Hakuwa mkubwa wa umbo. Alikuwa mwembamba kama mchi, na sauti yake haikupanda. Lakini kila asubuhi kata ya kwanza ya kisima ilikuja kwake. Aliyetangulia kuchota, awe wa kaya yetu au ya jirani, alipita kwetu akaamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akapiga goti, akampa. Bibi alijaza mdomo, akafumba macho, akazungusha, akatema pembeni ya mlango. Kisha alisema neno moja tu: "Yamelala." Ndipo watu wanakwenda kuchota.

Mimi nilimuuliza maji yanalalaje. Alikuwa anaengua maziwa. Akaniita nisogee, akanionyesha ule utando mnene uliokaa juu. "Unaona mafuta yalivyokaa juu ya maziwa? Nani ameyaweka?" Nikasema hakuna, yamekaa yenyewe. "Ukiyakoroga je?" Nikasema yatapotea. "Basi. Chini ya mto wetu kuna maji ya chumvi, ya tangu zamani, hayo ndiyo mwenye nyumba. Haya tunayokunywa ni ya mvua, ni mgeni, yamelala juu yake. Mwenye nyumba akiwa usingizini mgeni anakaa vizuri. Sasa wewe usiwe mtu wa kumwamsha."

Na alinionyesha mpaka wenyewe wa maji hayo mawili. Chini ya mchanga kuna udongo mgumu wa kijivu. Ndani ya udongo huo kuna vijiwe vyeupe, vya mviringo, vidogo kama mayai ya kanga aliyeanza kutaga. Sisi tuliviita mayai. Amri ya kisima ilikuwa hiyo, na kila mchimbaji aliijua kabla ya kushika jembe: ukiona mayai, panda juu, mama yao yuko chini. Hata maji yawe machache namna gani, hata foleni iwe ndefu mpaka kwenye miiba, unasubiri yajae yenyewe. Huyafuati.

Tulisubiri sana. Kungojea kisima kujaa ndiko kulikotulea. Wasichana tulisukana nywele pale, wanawake walichambua kunde, tulisikia habari za ndoa na ugomvi wa kaya zote. Kulikuwa na mlio wa kata ikikwaruza mchanga, krr, krr, halafu kimya, halafu tone. Mpaka leo nikisikia mtu anakwangua sufuria nageuka kutafuta ndoo yangu.

Basi kikaja kiangazi kibaya. Mtama ulikauka ukiwa na mimba. Tulikula michembe na nsansa, yaani viazi vikavu na majani makavu ya kunde, mpaka tukawa tunaota maziwa mgando. Kisima cha watu kilikuwa kinatoa maji ya kulambisha tu, na kile cha ng'ombe kilikauka kabisa.

Tulikuwa na jirani mwenye ng'ombe wengi. Alikuwa mtu mzuri, msinielewe vibaya. Alikuwa mcheshi, mwenye mkono wazi, akichinja anaita kijiji. Lakini alipenda ng'ombe wake kuliko alivyopenda kusubiri. Mchana mmoja, wanawake wakiwa mashambani kufyeka mabua, aliingia ndani ya miiba na vijana wake, wakakichimba kisima chetu. Walifika kwenye mayai. Wakayatupa ukingoni. Wakaendelea.

Tuliporudi tulikuta kisima kimejaa. Kimejaa, enyi watoto, maji yanametameta, na jirani amekaa ukingoni anafuta jasho kama bwana harusi. Ng'ombe wake walikuwa wameshaletewa maji kwa ndoo, na wanakunywa kwa fujo, wanasukumana, wanalamba hata hori.

"Njooni mama zangu!" akaita. "Mlikuwa mnalinda tone moja moja kama mnakamua mbuzi mgumba. Maji haya hapa!"

Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi hakupiga. Aliinama akaokota yai moja pale ukingoni, akaligeuza kiganjani. Kisha akachukua kata, akaonja. Hakutema. Alimeza, akasimama vile vile.

"Yameamka," akasema.

"Mayu, yameamka nini? Tazama ng'ombe wanavyoyafurahia!"

"Ng'ombe anapenda chumvi. Hata jiwe la chumvi analilamba. Wewe unakula nyumbani kwako au unakula zizini?"

"Ng'ombe hawalalamiki, mayu, wanaolalamika ni ninyi tu."

"Basi leo nenda ukapikiwe na ng'ombe," akasema bibi, akabeba ndoo yake tupu akaondoka.

Watu wengine walicheka, wakajaza ndoo zao. Jioni ile hawakucheka. Kunde zilichemka mpaka kuni zikaisha, hazikuiva, zikabaki ngumu kama shanga. Sabuni ilikataa kutoa povu. Na mke wa yule jirani alikuwa amejifungua siku si nyingi. Walimpikia uji, akanywa, kiu ikazidi, akataka maji, akapewa, kiu ikazidi. Mtoto akawa analia kwenye ziwa. Ng'ombe peke yao ndio walioshiba siku ile.

Asubuhi yake jirani alikuja kwetu. Alikuja peke yake, hana fimbo, hana kofia. "Mwangaluka, mayu." Bibi akaitika. Yule mtu mkubwa akakaa chini kwenye vumbi, akasema, "Mke wangu ana kiu."

Hapa ndipo pa kumtazama bibi yangu. Angeweza kumsema. Mimi ningemsema, nina ulimi huo, mnaujua. Yeye alikwenda kwenye pembe ya nyumba, akafunua mtungi wake mdogo, mtungi wa akiba ambao hata sisi wajukuu hatukuruhusiwa kuugusa, akampa wote. "Mpelekee. Halafu kalete ng'ombe wako, wote. Wameamsha wao, watalaza wao."

Maana bibi alikuwa ameshapata njia, usiku kucha sidhani kama alilala. Tundu lile walilotoboa kwenye udongo wa kijivu lilitakiwa kuzibwa kabla mvua haijanyesha. Mvua ikikuta tundu wazi, alisema, mgeni ataingia chumbani kwa mwenye nyumba, watachanganyika, na hatutawatenganisha tena. Na kuziba si kwa mchanga, mchanga unapitisha. Ni kwa udongo wa kichuguu, uliokandwa mpaka ukawa laini kama ugali wa mtama. Udongo wa kukandwa kwa miguu ya watu ungetumaliza, watu wenyewe hawajala. Kwa hiyo ukandwe na ng'ombe.

Wakabomoa vichuguu, wakamwaga udongo kwenye uwanja uliofagiliwa, mbali na kisima. Wakanyunyizia maji yale yale ya chumvi. Jirani akawaingiza ng'ombe wake, wakawa wanazungushwa, wanakanyaga, wanazungushwa. Lakini mnamjua ng'ombe. Ng'ombe akitembea anafanya na mengine. Na bibi alisema haiwezekani mavi yaingie kwenye kitu kitakachokaa chini ya maji ya kunywa. Basi sisi watoto tukapewa nyungo chakavu, kila mtoto na ng'ombe wake, tukawa tunatembea nyuma yao tukiangalia mkia. Mkia ukiinuka, unakimbia na ungo wako. Ukiwahi unashangiliwa. Ukichelewa, bibi anakutazama tu, na unaokota kwa mikono. Mimi nilipewa ng'ombe mweusi mwenye pembe moja iliyolegea, na nawaambia ukweli, alinichagulia nyakati zangu za kupiga chafya.

Tulicheka katika njaa ile. Wanawake walibeba udongo kwenye makarai wakiimba, wanaume wakashuka shimoni wakaugandamiza kwa mchi, tabaka juu ya tabaka. Jirani alikuwa chini kabisa, amejaa tope mpaka kwenye nyusi. Mayai aliyoyatupa aliyaokota mwenyewe akayarudisha, bibi akiwa amesimama juu yake anamwonyesha, "Na lile pale. Na lile." Siku zote hizo maji ya kunywa tuliyafuata mbali, kijiji cha juu, tukarudi na ndoo kichwani jua likiwa limetuzidi nguvu. Hakuna aliyenung'unika mbele ya bibi. Nyuma yake, tulinung'unika vizuri tu.

Mvua ilinyesha. Mto ukaja, ukaondoka. Bibi hakuruhusu mtu kuchimba mpaka mchanga utulie. Kisha akachagua mahali, juu kidogo ya pale pa zamani, akachimba mwenyewe, taratibu, kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Yule jirani ndiye aliyechota kata ya kwanza. Akaileta, akapiga goti. Bibi akafumba macho. Sisi wote tumesimama, hata mbwa wamesimama. Akatema.

"Yamelala," akasema, akauliza chungu cha kunde kiko wapi.

Huyo ndiye bibi yangu. Hakupewa cheti, wala hakuitwa kwenye mkutano. Juzi hapa kwetu alikuja binti mmoja wa mambo ya maji, akapima kisima kirefu cha mtambo kilichotoa maji ya chumvi. Akatuchorea chini kwa kijiti: maji matamu mepesi juu, ya chumvi mazito chini, ukivuta kwa nguvu, yale ya chini yanapanda. Akasema hata huko pwani wanakokaa karibu na bahari, visima vinaharibika hivyo hivyo, watu wakivuta kupita kiasi bahari inawafuata chini kwa chini mpaka jikoni. Nilimsikiliza nikafurahi sana. Nilimshika mkono nikamwambia, "Bibi yangu angekupenda." Akadhani namtania.

Nilipoolewa huku nilikuja na adabu ile ile. Kisima chetu hiki cha kando ya mto nilikisimamia mwenyewe kikichimbwa, nikawasimamisha wachimbaji walipogusa yai la kwanza. Kimetulea mimi, marehemu mume wangu, watoto na hawa wajukuu. Lakini uzee umenifungia nyumbani, magoti hayashuki tena mtoni, na kata ya asubuhi siku hizi hailetwi. Wanaona ni mambo ya kizamani, nami nikachoka kuidai. Miiba ya mgunga imekuwa kuni. Mchanga wa mto unabebwa na malori kwenda kujengea nyumba za mjini, na mchanga ndio uliokuwa shuka ya yale maji. Vyoo vinachimbwa popote mtu anapopata kivuli. Mabomba ya dawa ya pamba yanaoshwa mtoni, na hayupo mwanamke mwembamba wa kusimama njiani na fimbo ya mtama. Kule Migato nilipita mwaka mmoja kwenye msiba. Sikusikia krr, krr ya kata. Nilisikia mashine.

Mashine hata hapa ipo. Mwanangu analima matikiti maji na nyanya kando ya mto, na anapeleka sokoni Bariadi mjini. Ni kijana mchapakazi, sikatai, anaamka kabla ya jogoo. Alinunua pampu, anavuta maji kisimani kutwa nzima. Nilikuwa nasikia inanguruma nikasema moyoni, haya, mtoto anahangaika.

Sasa jana, baada ya ile chai, nilitoka uani na fimbo yangu. Wajukuu wadogo walikuwa wanacheza kupika nyuma ya ghala. Wana kisufuria chakavu, wana majani, wana moto wa kujifanya. Nikawauliza wanapika nini.

"Mayai, Bibi! Karibu mayai!"

Nikainama. Kisufuria kimejaa vijiwe vyeupe, vya mviringo, vidogo kama mayai ya kanga aliyeanza kutaga.

Nilikaa chini pale pale kwenye vumbi. Nikawauliza wameyatoa wapi, wakanionyesha kwa kidole. Kisimani, Bibi, kuna rundo.

Nikamwita mwanangu. Alikuja na matope miguuni, mpira wa pampu begani.

"Kisima umekichimba?"

"Nimekishusha kidogo tu, mayu. Maji yalikuwa yanakatika mchana, na matikiti yanaanza kunenepa."

"Ulikuta nini chini?"

"Udongo mgumu tu. Na hivi vijiwe. Kwani vina nini?" Akacheka kidogo. "Mbona nilipoupita huo udongo maji yamekuwa mengi ajabu! Ng'ombe wenyewe hawataki kutoka pale."

Jamani. Maneno yale yale, na hata yule jirani wa Migato hakumjua, alikufa kabla mwanangu hajazaliwa. Nilitaka kumsema, ulimi ukaja mpaka kwenye meno. Nikakumbuka ule mtungi mdogo wa akiba. Nikamwambia akae, nikamsimulia yote haya niliyowasimulia ninyi, kuanzia utando wa maziwa. Alisikiliza akichora chini. Nilipomaliza akaenda kisimani, akarudi na maji kiganjani yanamvuja kwenye vidole, akayaonja mbele yangu. Uso ukambadilika.

"Mayu," akasema, "nikizima, matikiti yatakufa."

"Yatakufa."

"Yote."

"Yote, mwanangu. Na mawingu unayaona yale upande wa ziwani. Mvua ikikuta hilo tundu wazi, watoto hawa watapika mayai hayo mpaka wazeeke, hawatapata maji ya kuyapikia."

Akatazama shamba lake. Kisha akautua mpira chini. Wajukuu walikuwa wameacha kucheza, mkewe amesimama mlangoni, wote wananitazama mimi. Nikainuka, nikaegemea fimbo, nikawaambia:

"Wewe zima hiyo pampu, uifunge ghalani, ufunguo niletee mimi. Ninyi wadogo, mayai yote rudisheni kisimani, na lile ulilolificha mfukoni nimeliona. Mama yao, kuanzia leo maji ya kunywa ni ya kijiji cha juu, hata mkichoka. Kesho asubuhi mbomoe kichuguu, ng'ombe wote waje wakande. Na wewe mwanangu mwenye pampu, tafuta ungo chakavu. Wa kutembea nyuma ya mkia ni wewe."